Orodha ya Maneno na Sentensi Iliyokosekana: Tahakiki ya Ufunzaji wa Kiingereza cha Mwanzo kwa Msamiati wa Biolojia katika Muktadha wa Handeni na Korogwe

IKISIRI

Tahakiki hii inachunguza mbinu inayotumika sana katika kumwandaa mwanafunzi wa Kitanzania anayeingia kidato cha kwanza: kumfundisha Kiingereza cha mwanzo kwa kutumia msamiati wa msingi wa biolojia, hasa kwa orodha ya safu mbili, Kiingereza upande mmoja na Kiswahili upande wa pili. Hoja kuu ni kwamba mbinu hii imechagua uwanja sahihi lakini imekosea kipimo. Imelifanya neno kuwa kipimo cha ujuzi, ilhali biolojia huelezwa, hufundishwa na hutahiniwa kwa sentensi. Uchambuzi unaegemea isimu linganishi ya Kiswahili na Kiingereza, na unatumia wilaya za Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, kama muktadha wa kupimia hoja. Tahakiki inapendekeza orodha igeuzwe kuwa mtaala mdogo wa sentensi, unaoanza na kitenzi na unaokipa Kiswahili kazi ya kufikiri, si ya kutafsiri tu.

1.0 Utangulizi

Kila mwezi Januari, mwanafunzi aliyehitimu shule ya msingi ya serikali huvuka mpaka usioonekana. Mwezi Septemba alifanya mtihani wa somo la sayansi kwa Kiswahili. Januari anakalia dawati la shule ya sekondari, mara nyingi shule ya kata isiyo mbali na kwao, na somo lile lile linamjia kwa jina jipya na lugha mpya. Mizizi aliyoichora darasa la nne sasa ni "roots". Viumbe hai alivyovipanga katika makundi sasa ni "living things". Maarifa hayajapotea, ila hayana tena mlango wa kutokea.

Jitihada za kuufungua mlango huo ni nyingi. Ipo kozi ya awali ya Kiingereza inayotolewa shuleni katika wiki za mwanzo za kidato cha kwanza. Yapo pia masomo ya binafsi ya kabla ya kidato cha kwanza, ambayo wazazi huyalipia kati ya Septemba na Januari. Zipo faharasa za lugha mbili zilizochapwa mwishoni mwa vitabu, na yapo madaftari ambamo walimu wenyewe huwanakilisha wanafunzi maneno. Katika jitihada hizi zote biolojia hupewa nafasi ya pekee. Mwili, mimea na wanyama ndivyo vitu vya kwanza kutajwa, kwa kuwa kila mtoto anavijua.

Tahakiki hii haikukusudia kupima alama za wanafunzi. Inaichukulia mbinu yenyewe kama matini, na inauliza maswali ambayo mhakiki huiuliza matini yoyote: inasema nini, inanyamazia nini, na inamdhania msomaji wake kuwa nani? Uhakiki wa aina hii una umuhimu kwa sababu orodha ya maneno haionekani kuwa na msimamo wowote. Inaonekana kifaa tu. Hata hivyo, kila kifaa cha kufundishia hubeba nadharia ya lugha ndani yake, na nadharia mbovu iliyofichwa ndani ya kifaa huendelea kudhuru kwa kuwa hakuna anayeijadili.

2.0 Usuli: Sera ya Lugha na Nafasi ya Biolojia

Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za serikali mwaka 1967, ndani ya mwelekeo wa Elimu ya Kujitegemea. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makwetta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kiendelee hadi sekondari, lakini pendekezo hilo halikutekelezwa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliitaja tena nia ya kutumia Kiswahili katika ngazi zote. Toleo la mwaka 2023 la sera hiyo, lililozinduliwa Februari 2025, limekibakiza Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia sekondari. Kwa hiyo mpaka wa Januari bado upo, na mtoto wa leo atauvuka kama alivyouvuka kaka yake.

Biolojia imekuwa kwenye mjadala huu tangu zamani. Mwaka 1990 iliyokuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia, na kazi hiyo ilidhihirisha kwamba suala la istilahi halikuwa kikwazo kisichovukika. Mradi wa LOITASA, ulioanza mwaka 2002 na kuwaunganisha watafiti wa Tanzania, Afrika Kusini na Norwe, ulilinganisha ufundishaji kwa lugha ya nyumbani na ufundishaji kwa Kiingereza. Kazi ya Halima Mwinsheikhe (2003), ambaye mwenyewe alikuwa mwalimu wa biolojia, iliweka wazi jinsi Kiswahili kinavyofungua ushiriki wa wanafunzi katika masomo ya sayansi. Baadaye Taasisi ya Elimu Tanzania, Chuo Kikuu cha Dodoma, Chuo Kikuu cha Aga Khan na Chuo Kikuu cha Bristol walishirikiana kuandaa sura za vitabu vya kidato cha kwanza, biolojia ikiwemo, zenye Kiingereza kilichorahisishwa na zinazoruhusu majadiliano kwa Kiswahili.

Mkondo huo wa utafiti umejikita zaidi katika swali la lugha ipi itumike. Swali la pili, yaani namna Kiingereza kinavyofundishwa kupitia biolojia kwa mtoto ambaye tayari anayo biolojia kwa Kiswahili, limepata nafasi ndogo. Hapo ndipo tahakiki hii inapoingia.

3.0 Uzuri wa Mbinu

Haki ya mbinu hii inapaswa kutajwa kabla ya kasoro zake. Kwanza, msamiati wa biolojia una vitu vinavyoonekana. Mwalimu anaweza kushika jani, kuonesha jino, kugusa goti. Mwanafunzi hahitaji kufafanuliwa "leaf" ni nini, kwani analo mkononi. Pili, mwanafunzi halazimiki kujifunza dhana mpya na lugha mpya kwa wakati mmoja. Dhana anayo, linalobaki ni umbo. Tatu, maneno yale yale yatarudi katika jiografia, kilimo na mazungumzo ya zahanati, hivyo juhudi haipotei.

Ukilinganisha na vitabu vya zamani vya Kiingereza vilivyomtaka mtoto wa Tanga aeleze theluji na gari moshi la London, uamuzi wa kuanzia na mwili wake na shamba la mama yake ni hatua kubwa mbele. Tahakiki hii haikusudii kurudisha nyuma hatua hiyo, bali kuonesha kwamba imeishia njiani.

4.0 Tahakiki ya Orodha

4.1 Mipaka ya maana

Orodha ya safu mbili husimama juu ya dhana moja: kwamba kila neno la Kiingereza lina mwenzake wa Kiswahili, na kwamba alama ya usawa inaweza kuwekwa kati yao. Biolojia ndiyo inayoivunja dhana hii mapema zaidi. Neno "mkono" hubeba "hand" na "arm" kwa pamoja. "Mguu" hubeba "leg" na "foot". "Kidole" hakijali kama kipo mkononi au mguuni, ilhali Kiingereza kinatenganisha "finger" na "toe". "Tumbo" ni kiungo kinachosaga chakula, ni sehemu yote ya nje chini ya kifua, na katika usemi wa kawaida ni hata mahali mtoto anapokaa kabla ya kuzaliwa. Mwanafunzi aliyekariri kwamba tumbo ni "stomach" ataandika kwamba mtoto hukua ndani ya "stomach", na mtahini atamhesabu kuwa hajui biolojia. Kwa kweli anaijua. Alichonyimwa ni taarifa kwamba mipaka ya maneno imehama.

Neno "mdudu" lina kisa kikubwa zaidi. Katika Kiswahili cha kila siku, buibui ni mdudu, kupe ni mdudu, na hata kimelea cha malaria huitwa mdudu. Orodha inapoandika "insect: mdudu", inampa mwanafunzi ruhusa ya kumweka kupe katika kundi la wenye miguu sita, ilhali ana minane, na ya kumweka humo hata kiumbe kisicho na mguu wowote. Hali ni hiyo hiyo kwa neno "homa", ambalo mitaani husimama badala ya malaria yenyewe, ilhali "fever" ni dalili tu. Na kitenzi "kuota" ni cha mbegu, cha ndoto na cha jua la asubuhi. Kiingereza kinadai vitenzi vitatu tofauti.

Tofauti hizi zisichukuliwe kama dosari za Kiswahili. Kiingereza nacho kina maneno mapana ambayo Kiswahili hukigawa. Hoja ni kwamba mahali ambapo mipaka ya lugha mbili haikutani ndipo penye somo. Mwalimu anayesimama hapo na kuuliza kwa Kiswahili, "Kupe ana miguu mingapi? Je, ni mdudu kama nzi?", anafundisha uainishaji wa viumbe na anafundisha Kiingereza kwa pigo moja. Orodha hupita juu ya mahali hapo bila kusimama.

4.2 Istilahi za Kiswahili kama daraja linaloyumba

Safu ya Kiswahili huchukuliwa kuwa ardhi ngumu. Si hivyo daima. Mwanafunzi mmoja amefundishwa "seli", mwingine "chembehai". "Kiini" cha seli kinashiriki jina na kiini cha yai, na mtoto makini anaweza kuhitimisha kwamba sehemu ya njano ya yai ndiyo "nucleus". Hitimisho hilo si sahihi, lakini lina mantiki, na hoja ya mtoto huyo inastahili kujibiwa, si kufutwa kwa kalamu nyekundu.

Mfano wenye uzito zaidi ni "upumuaji". Katika matumizi ya kawaida ya shuleni neno hili hubebeshwa dhana mbili: kuvuta na kutoa hewa, na mchakato unaofanyika ndani ya seli wa kutoa nishati katika chakula. Kiingereza cha biolojia kinazitenganisha kwa "breathing" na "respiration". Mwanafunzi anayesoma kwamba mimea nayo ina "respiration" na kutazama safu ya Kiswahili atauliza, kwa haki, kifua cha mwembe kiko wapi. Vivyo hivyo, "excretion" ikitafsiriwa kuwa utoaji wa taka mwilini, mfano wa kwanza utakaomjia mwanafunzi ni kinyesi. Mfano huo haukubaliki katika biolojia, kwa kuwa kinyesi kwa sehemu kubwa ni mabaki ya chakula yaliyopita njiani bila kumeng'enywa, si taka zilizozalishwa na seli.

Inafuata kwamba faharasa nzuri inahitaji kazi ya istilahi katika lugha zote mbili. Kukifundisha Kiingereza vizuri kupitia biolojia kunadai Kiswahili cha kisayansi kilicho makini zaidi, si kilichopunguzwa.

4.3 Nomino bila kitenzi

Kasoro kubwa kuliko zote ni ya kisarufi. Orodha za msamiati wa biolojia kwa kawaida hujaa nomino. Mwanafunzi anaweza kumaliza kozi akiwa na majina mengi ya viungo na asiweze kusema kiungo hata kimoja kinafanya nini.

Kielelezo kinachojulikana kwa kila aliyepita kidato cha kwanza ni kifupisho cha sifa saba za viumbe hai, kinachotamkwa kama jina la bibi mmoja wa Kizungu, Mrs Gren: "movement, respiration, sensitivity, growth, reproduction, excretion, nutrition". Wanafunzi hukikariri kwa wepesi. Lakini tazama maneno yenyewe. Yote saba ni nomino dhahania, sita kati yake zimenyambuliwa kutoka vitenzi au vivumishi, na mnyambuliko wa Kiingereza hapa hauna utaratibu mmoja: "move" huzaa "movement", "grow" huzaa "growth", "excrete" huzaa "excretion", na "nutrition" haifanani kabisa na "eat" wala "feed". Katika Kiswahili mtoto ana kanuni wazi zaidi: kukua huzaa ukuaji, kupumua huzaa upumuaji, kula huzaa ulaji. Ana pia vitenzi vyote saba: kujongea, kupumua, kuhisi, kukua, kuzaana, kutoa takamwili na kula. Mbinu ya sasa inamwanzishia mwanafunzi mahali pagumu kabisa pa Kiingereza na kuliacha pembeni eneo ambalo Kiswahili chake kina nguvu.

Kuanzia na kitenzi kungefichua zawadi nyingine. Biolojia ya mwanzo husema kweli za daima: moyo husukuma damu, mizizi hufyonza maji. Kiswahili kina kiambishi mahsusi kwa kweli za namna hii, yaani "hu-". Mwanafunzi haelezwi kamwe kwamba Kiingereza nacho kina njeo inayofanya kazi hiyo hiyo: "The heart pumps blood", "Roots absorb water". Akielezwa, ataona kwamba lugha hizi mbili zinakutana katika maana, na kisha ataona zinapoachana. Kiambishi "hu-" hakibadiliki kwa nafsi wala kwa idadi: moyo husukuma, mioyo husukuma. Kiingereza hudai "pumps" kwa umoja na "pump" kwa wingi. Mwanafunzi anayeandika "Heart pump blood" hajazembea. Amekuwa mwaminifu kwa sarufi ya "hu-". Kosa lake lina chanzo kinachoelezeka, na kosa linaloelezeka linafundishika. Orodha ya nomino, kwa kuwa haina sentensi, haiwezi hata kuliona kosa hilo, sembuse kulirekebisha.

Yapo mengine ya namna hii. Kauli ya kutendwa, "damu husukumwa na moyo", hupatikana katika Kiswahili kwa kiambishi kimoja, lakini Kiingereza hutaka kitenzi kisaidizi na kihusishi "by". "Na" ya Kiswahili inafanya kazi za "by", "and" na "with". Wingi wa Kiswahili huonekana mwanzoni mwa neno, jani kwa majani. Wa Kiingereza huonekana mwishoni, na wa biolojia huingiza hata desturi za Kilatini, "nucleus" kwa "nuclei", "bacterium" kwa "bacteria". Ukanushi wa "kuvu hawajitengenezei chakula" unahitaji "do not", umbo ambalo halina kifani katika Kiswahili. Haya machache, yakifundishwa kwa mpangilio, yanatosha kumwezesha mwanafunzi kuandika sehemu kubwa ya majibu ya kidato cha kwanza.

4.4 Lugha ya maswali

Pengo la mwisho ni lugha ya maswali. Mtihani haumuulizi mwanafunzi "root" ni nini kwa Kiswahili. Humwambia "state", "outline", "explain", "differentiate". Vitenzi hivi vya amri si msamiati wa biolojia, na kwa sababu hiyo mara nyingi havimo katika orodha ya biolojia. Navyo ndivyo vinavyoamua urefu wa jibu, mpangilio wake na kiasi cha maelezo. Mwanafunzi anayejua tofauti ya seli ya mmea na ya mnyama, lakini asiyejua kwamba "differentiate" inadai ataje vyote viwili kwa kulinganisha, ataeleza kimoja tu. Upimaji wa kitaifa wa kidato cha pili unapofika, haiwezekani tena kujua kama aliyeshindwa alishindwa somo au alishindwa swali.

5.0 Handeni na Korogwe kama Kipimo cha Hoja

Nadharia hizi zina maana gani mahali halisi? Handeni na Korogwe zinatoa jibu lenye sura tatu.

Sura ya kwanza ni mkonge. Mmea huu uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Richard Hindorf kutoka Florida; miche 62 tu ndiyo iliyofika hai, na kutokana nayo yakatokea mashamba yaliyoijengea Korogwe uchumi wake. Mtoto aliyekulia jirani na mashamba hayo anajua kwamba mkonge huchanua mara moja tu maishani kisha hufa, kwamba juu ya mlingoti huota vimiche vinavyoweza kupandwa, na kwamba chini yake huchomoza vichipukizi. Huo ni uzazi usio wa kijinsi, mbele ya macho yake. Sentensi kama "The sisal plant flowers once and dies" ina Kiingereza chepesi na biolojia nzito, tena inamrudishia mtoto mamlaka ya anayejua. Orodha iliyotungwa kwa ajili ya nchi nzima humpa neno "plant" peke yake.

Sura ya pili ni malaria. Korogwe ilikuwa miongoni mwa vituo 11, katika nchi saba za Afrika, vya jaribio la awamu ya tatu la chanjo ya RTS,S lililofanyika kati ya 2009 na 2014 na kuhusisha watoto 15,459. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza matumizi mapana ya chanjo hiyo Oktoba 2021. Maadili ya utafiti wa tiba hudai kwamba mzazi aelezwe jaribio kwa lugha anayoielewa kabla ya kuridhia. Kwa maneno mengine, dhana za kimelea, kinga, chanjo na athari zilipaswa kuelezwa kwa wakulima na wafugaji wa Tanga kwa lugha yao, kwa usahihi unaotosha kwa uamuzi kuhusu mwili wa mtoto. Jamii iliyoaminiwa kiasi hicho katika sayansi ya kiwango cha dunia haistahili watoto wake wahesabiwe kuwa hawana biolojia hadi watakapoitamka kwa Kiingereza.

Sura ya tatu inaipinga orodha kwa njia tofauti. Safu ya Kiswahili humdhania kila mwanafunzi kuwa Kiswahili ndicho lugha yake ya kwanza. Katika wilaya hizi wapo watoto wa Kizigua na Kisambaa, ambao lugha zao ni za Kibantu na zina ngeli zinazofanana na za Kiswahili. Lakini tangu Juni 2022 kijiji cha Msomera, wilayani Handeni, kimepokea familia za Wamaasai zilizohamishwa kutoka Ngorongoro. Kimaasai si lugha ya Kibantu. Kwa mtoto wa Msomera, Kiswahili chenyewe ni lugha ya pili na Kiingereza ni ya tatu, na orodha inamtaka avuke mto kwa daraja ambalo bado analijenga. Mtoto huyo huyo anaweza kumzidi mwalimu kwa ujuzi wa kupe na ndigana kali, maradhi ambayo kupe huyaambukiza ng'ombe. Mbinu inayoanza na kumsikiliza anachojua kuhusu kupe itampata. Inayoanza na "tick: kupe" itampoteza kwenye safu zote mbili.

6.0 Pingamizi na Majibu

Pingamizi la kwanza ni la utekelezaji: mwalimu wa biolojia si mwalimu wa lugha, madarasa yamejaa, na muda wa kozi ya awali ni mfupi. Ni kweli. Lakini kinachopendekezwa hapa hakiongezi mzigo, kinabadilisha mpangilio wake. Vitenzi 20 vilivyotumiwa katika sentensi kamili vina faida kuliko nomino 200 zilizonakiliwa. Tena mwalimu wa biolojia ndiye anayejua sentensi zipi somo lake linazihitaji. Mwalimu wa Kiingereza hawezi kuzikisia.

Pingamizi la pili linatoka upande wa watetezi wa Kiswahili. Kuboresha kozi hizi, watasema, ni kukipamba kizuizi badala ya kukiondoa. Hoja hii ni nzito, na ushahidi wa tangu Makwetta hadi LOITASA unaipa uzito. Hata hivyo, mtoto anayeingia kidato cha kwanza Januari ijayo hawezi kuahirisha utoto wake akisubiri sera. Wajibu wa mtafiti una pande mbili: kumsaidia mtoto huyo sasa, na kukataa msaada huo usigeuzwe kuwa ushahidi kwamba tatizo limekwisha. Kozi bora ya wiki kadhaa haiwezi kufanya kazi ya miaka saba.

Pingamizi la tatu ni la kimya, na ndilo la hatari zaidi: kwamba wanafunzi hawa ni wazito tu, na hakuna mbinu itakayowafaa. Uchambuzi wa sehemu ya 4.3 unalijibu. Makosa yenye mpangilio unaotokana na sarufi ya lugha ya mwanafunzi ni dalili ya akili inayofanya kazi. Anayeyaita uzito hajayasoma.

7.0 Hitimisho na Mapendekezo

Tahakiki hii imeonesha kwamba orodha ya msamiati wa biolojia huchukua mahali pafaapo kuanzia pakageuzwa mahali pa kuishia. Inatoa maneno na kunyima sentensi. Inachukulia Kiswahili kuwa imara pale kinapohitaji ufafanuzi, na kukinyamazisha pale kinapoweza kufikiri.

Mapendekezo manne yanafuata. Mosi, kila somo la kozi ya awali lijengwe juu ya kitenzi na sentensi zake: yakinishi na kanushi, umoja na wingi, kutenda na kutendwa. Pili, faharasa ya safu mbili iongezewe safu ya tatu inayoeleza kwa Kiswahili mahali maana za maneno zinapoachana, kama ilivyo kwa tumbo, mdudu na upumuaji. Tatu, vitenzi vya maswali ya mitihani vifundishwe kama sehemu ya msamiati wa biolojia tangu wiki ya kwanza. Nne, mifano itokane na mazingira ya shule, na mjadala utangulie kwa lugha ambayo mwanafunzi anaimudu, ikiwemo lugha ya jamii pale Kiswahili chenyewe kinapokuwa bado kinajengwa.

Mtoto wa Korogwe anapoandika kwamba mkonge huchanua mara moja kisha hufa, na akaweza kuliandika hilo kwa lugha mbili, hajapewa maarifa mapya na Kiingereza. Amepewa msomaji wa pili wa maarifa aliyokuwa nayo. Kozi yoyote ya mwanzo inafaa kupimwa kwa kigezo hicho: si idadi ya maneno ambayo mwanafunzi ameyakariri, bali ni mambo mangapi kati ya yale anayoyajua tayari ambayo sasa anaweza kuyasema na akaeleweka.